Mota Sita za Roketi Zilizofungiwa Ghalani

Rahila Haitham
Mwalimu wa Fizikia na Mlezi wa Klabu ya Roketi
Mji Mkongwe, Unguja
Jumatano

Kwa Bwana Msabah,
Mkuu wa Kitengo cha Vibali vya Vyombo Virukavyo na Viwakavyo

YAH: KUNYIMWA MOTA, NA KUNYIMWA HATA KUAMBIWA KWAMBA TUMENYIMWA

Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima na ukiwa umeketi, kwa sababu ni ndefu. Naiandika kwa heshima zote anazostahiki mtu mwenye muhuri, na naomba radhi mapema kwa neno lolote litakaloonekana kali. Nimeyapunguza nilivyoweza.

Kabla sijaendelea, naomba ieleweke kwamba katika barua hii sitataja popote kuwa mke wako, Bi. Mwanapili, ni binti wa mama yangu mdogo, wala kuwa ni mimi niliyemtia hina siku ya harusi yenu. Hayo ni mambo ya nyumbani, na kuyaleta ofisini ni aina ya rushwa. Nimeyaweka kando kabisa, na ndiyo maana nakuita Mheshimiwa.

Mimi ni mwalimu katika skuli moja ya wasichana hapa mjini, na ni mlezi wa klabu yao ya roketi. Tafadhali usishtuke kwa neno hilo kama alivyoshtuka mlinzi wa mlangoni kwako, akanitaka niuweke mkoba chini na nirudi nyuma. Roketi yetu ni bomba la karatasi ngumu, lile linalozungushiwa vitambaa katika maduka ya Darajani. Ina mapezi matatu ya mbao nyembamba, na ndani yake mna mwavuli mdogo ulioshonwa kutokana na mwavuli mkubwa uliovunjika, ili ishuke taratibu. Ncha yake ilichongwa na seremala wa milango, kwa hiyo ina nakshi ya maua ambayo hatukuiomba. Uzito wake haufiki wa mkate wa boflo.

Kinachokosekana ni mota tu. Mota ya roketi ya namna hii ni kijibomba cha karatasi kinene kama kidole gumba, ndani yake mmeshindiliwa unga unaowaka. Huwashwa kwa betri na waya mrefu, watu wakiwa mbali, nayo huwaka kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili, ikawa kazi yake imekwisha. Hapa kwetu haiuzwi. Huagizwa nje, na asiye na kibali cha Kitengo chako haruhusiwi kuinunua. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Nina malalamiko sita tu.

1. Kuhusu fomu. Fomu ya maombi inauliza madhumuni ya kifaa, kisha inatoa visanduku vinne vya kutia alama: biashara, utalii, burudani, ulinzi. Elimu haimo. Nilimuuliza Bwana Ismail, karani wako wa dirishani, mtu mwenye adabu ambaye hajawahi kunijibu swali bila ya kuniuliza kwanza hali za nyumbani. Akaniambia, "Mwalimu, we tia utalii tu. Utalii haukataliwi." Nikamwambia sisi hatuna mtalii. Akasema mmoja atatosha, hata wa kupita njia. Basi nimekwenda kuzungumza na Mjerumani mmoja aliyepanga chumba kwa jirani yangu, aje akae kwenye kiti ili wanafunzi wangu waruhusiwe kusoma. Yeye yuko tayari. Ameuliza kama kutakuwa na chakula.

Ninasema haya bila ya wivu, lakini hoteli moja ya ufukweni karibu na kwetu, ambayo siitaji jina, ilirusha fataki mwaka mpya uliopita mpaka paka wa mtaa mzima wakahamia uvunguni mwa kitanda changu. Nasikia wao walitia alama kwenye burudani na wakapata kibali wiki hiyo hiyo. Vyao vinapasuka kwa makusudi, chetu kinashuka na mwavuli, na bado ni sisi tunaotiliwa shaka.

2. Kuhusu masheha. Kitengo kinataka barua ya sheha wa mahali roketi itakaporukia na barua ya sheha wa mahali itakapoangukia. Ya kwanza niliipata bila taabu, kwa sababu tumechagua uwanja wa wazi kule Tunguu na sheha wa pale ana binti anayependa hesabu. Ya pili inahitaji mtu wa kupiga ramli. Nilieleza dirishani kwamba pa kuangukia panajulikana na upepo, na upepo haukuandikishwa kwenye shehia yoyote. Bwana Ismail akafikiri, akaniambia basi nilete barua za masheha wote wa jirani, upepo upate kuchagua.

Nimezileta zote. Mmoja wao, Sheha Ahmada, alinikaribisha barazani kwake, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama roketi italala. Nikasema hailali. Akasema, "Nauliza kwa sababu kila mgeni anayelala kwenye shehia yangu namwandika. Ikilala ntataka jina lake na jina la mwenyeji wake." Nikamhakikishia kwamba inalala kwangu. Barua yake mnayo kwenye jalada: hana pingamizi na ujio wa mgeni huyo, ilimradi aondoke kabla ya magharibi. Sheha Ahmada simlaumu hata kidogo. Katika mzunguko wote huu ni yeye peke yake aliyeniuliza swali akangoja jawabu.

3. Kuhusu ukaguzi. Kifungu chenu kinasema kibali cha kununua hakitatolewa mpaka mota ikaguliwe. Kifungu kinachofuata kinasema mota haitakaguliwa mpaka iwe imenunuliwa kwa kibali. Nilidhani macho yangu yamechoka, nikavaa miwani ya mume wangu juu ya yangu, na bado vifungu vilikuwa vile vile.

Nilipeleka picha ya mota. Picha ilikataliwa kwa sababu haiwaki. Nikaambiwa nilete kitu chochote kinachofanana nayo, ukaguzi upate kuanza, na jalada lisikae bure. Nikaleta mshumaa. Mshumaa ulipimwa urefu, ukakaguliwa, karatasi yake ikapigwa muhuri, na mpaka leo umebakia kwenu. Nasikia umeme ulipokatika ofisini mliuwasha. Angalau sasa tunajua kwamba kifaa kilichokaguliwa na Kitengo kinafanya kazi.

4. Kuhusu kimya. Hapa naomba uniazime sikio, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika.

Baada ya fomu, masheha na mshumaa, ombi letu lilipokelewa na kupewa namba. Kisha ofisi ikanyamaza. Masika yakaja yakapita, ofisi imenyamaza. Nikapita dirishani, nikaulizwa hali za nyumbani, nikarudi. Sasa Mheshimiwa, mimi nimekulia katika nyumba iliyopokea posa nyingi. Washenga wanakuja, wanakunywa kahawa, wanasema walilotumwa. Baba anaingia ndani kumuuliza mwari. Mwari akisema hataki, basi, watu wanaagana kwa wema. Akinyamaza akautazama mkeka, baba anatoka na kusema ameridhia, na hapo hapo inasomwa fatiha. Hakuna anayemrudia mwari kumtaka athibitishe kwa maandishi. Hivyo ndivyo nilivyoolewa mimi, na hivyo ndivyo ulivyopata mke wewe, ingawa hilo nimesema sitalitaja.

Kwa hiyo nikawaita wasichana wangu nikawaambia: ofisi imeulizwa, imenyamaza, imeridhia. Wakapiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kwake kuuliza nani anaolewa. Siku ile ile nikaenda kwa Bwana Abdulwahid, mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Dubai, nikamweleza hoja yangu tangu mwanzo. Yeye amewaoza mabinti wanne, akaiona hoja imesimama sawasawa. Akaagiza mota sita. Zikafika salama, zikaonekana hazina karatasi, zikachukuliwa na kufungiwa ghalani.

Nilikwenda dirishani kueleza. Bwana Ismail alinisikiliza akiwa ameshika tama, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, kimya cha mwari ndo ridhaa. Kimya cha ofisi ni kimya tu." Nimelitafakari neno hilo tangu siku ile na sijalimaliza. Ikiwa ndivyo, basi litangazwe. Libandikwe ukutani kwa herufi kubwa, kwa sababu mji huu umejaa watu wazima wanaokaa majumbani mwao wakikisia maana ya kimya chenu, mmoja amekwisha kuchimba msingi, mwengine amekwisha kubomoa choo.

5. Kuhusu mota kuwapo na kutokuwapo. Nimeelezwa kwamba kibali cha kununua hakiwezi tena kutolewa, kwa kuwa mota zimekwisha kununuliwa. Inabidi zirudishwe zilikotoka, halafu niombe upya. Nikakubali. Nikaambiwa kurudisha nako kuna kibali chake, na hicho hupewa yule tu aliyeziingiza kwa kibali. Kwa hesabu hiyo mota zetu kisheria hazijaingia, na kitu kisichoingia hakiwezi kutoka. Nauliza kwa adabu, ziko wapi?

Nimekwenda kuzitazama kupitia dirisha la ghala. Ziko kwenye boksi dogo juu ya rafu, upande mmoja mitungi ya gesi, upande mwengine magodoro yaliyopangwa mpaka darini. Mlinzi alikuwa amejiegemeza mlangoni anavuta sigara. Hatari yote ambayo sheria ilikusudia kuitawanya imekusanywa chini ya paa moja na kutiwa kufuli. Mota ile inayoogopwa itawaka kwa usalama zaidi katikati ya uwanja wa Tunguu kuliko inavyolala pale.

6. Kuhusu Shemsa. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu sikujua niliandike vipi.

Shemsa ni mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. Kwao ni Mangapwani, na hapa mjini anakaa na shangazi yake. Roketi hii ni yake. Wenzake wamesaidia, mimi nimepiga kelele, lakini mahesabu ni yake, mapezi ameyakata yeye, na ule mwavuli ameufumua na kuushona mara tatu mpaka ukafunguka kama alivyotaka. Kuna mashindano ya skuli kule bara, na washindi hulipiwa masomo ya uhandisi. Sharti lake ni kupeleka video ya roketi ikiruka na kushuka nzima, kabla ya mwezi huu kumalizika. Mwakani hatakuwapo skuli. Baba yake ni mtu mwema lakini hana uwezo wa kumsomesha zaidi, na sote watatu, yeye, baba yake na mimi, tunalijua hilo bila ya kuambiana.

Wiki iliyopita alikuja kwangu na roketi ameifunga ndani ya kanga. Hakulia, wala hakulalamika, na Mungu anajua ningefurahi kama angelalamika. Aliniambia, "Mwalimu, tuitie kabatini. Nshachoka kuitazama." Mimi ambaye sauti yangu inasikika mpaka skuli ya pili, nilitii tu. Nikafungua kabati, nikaondoa mashuka, nikaiweka. Iliniuma, Mheshimiwa. Fomu haikuniuma, mshumaa haukuniuma, ghala nililicheka. Hili limeniuma na bado linaniuma ninapoandika.

Kwa hayo yote nimefikiri sana, na nimeona kwamba kosa la sheria yenu si ukali. Kosa ni kwamba ukali wenyewe haukugawiwa sawa. Napendekeza basi ienezwe kwa kila kinachowaka na kila kinachoanguka katika kisiwa hiki, tuone haki inatendeka.

Tuanze na sufuria la biriani, ambalo lina moto chini na makaa juu ya kifuniko, na huachwa chini ya ulezi wa mtu mmoja anayezungumza na simu. Twende kwenye chetezo cha udi, ambacho harusini huingizwa chini ya nguo za watu wakiwa wamezivaa. Twende Makunduchi, ambako kila Mwaka Kogwa banda la makuti hutiwa moto na mtu yumo ndani, na sijasikia mtu huyo akitakiwa barua ya sheha wa mahali atakapokimbilia. Kisha tuje kwenye nazi. Nazi ni nzito kuliko roketi yetu, hutoka juu, haina mwavuli, haitoi taarifa, na tangu kuumbwa kwake haijajaza fomu. Naomba minazi yote ya Unguja ifike dirishani kwa Bwana Ismail, ianze na ile ya Bububu kwa kuwa iko karibu.

Hatimaye napendekeza kwamba Kitengo chenyewe kiwe kinaomba kibali cha kunyamaza. Kila kimya kitakachozidi wiki mbili kiombewe, kiambatanishwe na barua ya sheha wa mahali kilipoanzia, na kieleze madhumuni yake: biashara, utalii, burudani au ulinzi.

Mpaka hayo yatakapotekelezwa, naomba tupewe mota zetu sita. Nikikosa jawabu, nitakuja Jumatatu na klabu yangu nzima, wasichana kumi na mmoja waliovaa sare safi, tukae kwenye ngazi za ofisi yako. Hatutapiga kelele wala hatutabeba mabango. Tutanyamaza tu, na maana yake mtaitafuta wenyewe.

Naishia hapa kwa kuwa karatasi imekwisha, hasira bado ninayo. Nisalimie Bwana Ismail na watu wa nyumbani kwake, ambao sasa nawajua kwa majina. Msalimie mlinzi, mwambie mkoba ulikuwa na daftari na chapati. Wasalimie wale mabwana wawili wa chumba cha ndani ambao sijapata kuwaona lakini huwasikia wakikoroga chai. Nyumbani kwako nako salamu nyingi, kwa yule ambaye sikumtaja.

Ni mimi, mwenye kungoja kwa adabu mpaka Jumatatu,

Rahila Haitham

Nakala: Sheha Ahmada, kwa kumbukumbu zake za wageni.

Nyongeza, Jumamosi.

Shemeji,

Barua hii ilikuwa bado imo mkobani nangoja kuileta mwenyewe. Jana baada ya sala ya Ijumaa akaja tarishi wako na boksi la mota na kibali, muhuri umekolea, kila kitu sawasawa, ila neno la kueleza kwa nini sasa halimo. Sikujua nicheke au nikae chini. Naituma barua vivyo hivyo, kwa sababu nimeshaiandika, lakini naomba unisikilize kabla hujafika kifungu cha kwanza.

Nimeyasoma masharti ya kibali, na naona ni machache mno.

Mnataka mlezi atie sahihi kwamba atabeba dhamana ya kila kitakachopanda na kila kitakachoshuka, basi, mnampa mota aende nazo. Watu gani nyinyi? Nimezitoa kwenye boksi nikaziweka mezani, zina harufu ya baruti. Nikalihamisha jiko. Nikawahamisha watoto wa jirani. Nikazitia ndani ya sufuria, nikalifunika, nikaweka jiwe juu ya kifuniko, na bado nikashindwa kula. Kila nilipoishika kalamu niliviona vidole vya Shemsa vikiunganisha zile nyaya.

Akaja asubuhi hii, amesikia. Nikamwambia nataka kwanza barua ya baba yake. Kumbe anayo, ameifuata Mangapwani alfajiri na kurudi. Nikamwambia nataka mtu mzima wa pili, akamwita shangazi yake aliyekuwa amesimama uchochoroni. Nikasema upepo. Akanionesha jedwali la upepo la wiki nzima, alilolichora kwa rula. Nikamuuliza kama ana hakika waya unatosha, akasema ameuongeza mara mbili, kwa ajili yangu. Nikamwambia, "Bado, mwanangu. Hebu ngoja kidogo."

Ameitoa roketi kabatini. Amekaa kibarazani nayo mapajani, amenielekea, na mimi naandika haya ili nisimtazame.

Shemeji, niambie mnafanyaje huko ofisini mkaweza kumwambia mtu bado huku amekukodolea macho. Mimi nimejaribu tangu saa mbili asubuhi na imenishinda. Nimetia sahihi. Tunakwenda Tunguu sasa hivi, sufuria nalibeba mwenyewe.